Mvua Zikiisha, Tutaongea

3 Novemba

Natangaza, kwa walio hai na kwa watakaozaliwa, kwamba leo saa nne na robo asubuhi, mimi Maati mwana wa Bushaib, mkaguzi mstaafu wa tiketi katika mabasi ya Kasablanka, nimenunua ndoo. Ni ya plastiki, ya bluu, ina mkono wa waya. Muuzaji alitaka kunipa nyekundu. Nilikataa, na msimamo wangu haukuyumba.

Ndoo hii imenunuliwa kwa sababu ya maneno ya Hajja Rkia, mwenye nyumba, aniitaye "Si" Maati, yaani Bwana Maati. Aliyasema juzi, akiwa amesimama mlangoni mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ufunguo kama mtu ambaye bado hajaamua kuuachia.

"Mwanamume asiye na mke sijawahi kumpangisha, Si Maati, na sijasema naanza leo. Halafu chumba chenyewe kinavuja. Kaa majira haya ya mvua. Mvua zikiisha, tutaongea."

"Tutaongea nini, Hajja?"

"Ningekuwa najua si ningekwambia sasa hivi?"

Nina miaka sitini na mitatu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo nimelala sebuleni kwa binti yangu Wafaa, Kasablanka, kwenye godoro lililo kati ya televisheni na watu wanaoitazama. Siku nilipopanda ngazi hizi, ndani ya kuta za kale za al-Jadida, nikafungua mlango wa chumba cha juu ya paa na kuikuta bahari imejaa dirisha zima bila hata kubisha hodi, niliamua kwamba humu ndimo nitakamozeekea. Hajja hajaambiwa.

Naandika katika daftari la faini nililobaki nalo kutoka kazini. Kila ukurasa una nafasi tatu: Jina, Njia, Utetezi. Nafasi ya Utetezi ndiyo pana kuliko zote.

4 Novemba

Masharti. Nikipanda ngazi niite "Njia! Njia!" kila ghorofa, ili wanawake wa nyumba wajue mwanamume anapita. Na tangu alasiri mpaka magharibi paa ni lao: wanaanua nguo, wanaanika kuskusi ya unga wa ngano, wanasema watakayo. Muda huo ama niwe mjini, ama niwe chumbani na mlango umefungwa. Magharibi ikiadhiniwa, nitatoka.

Mama yangu aliishi kwa sharti hilihili, na baba yangu alilitii maisha yake yote. Nilisema ndiyo kabla Hajja hajamaliza.

5 Novemba

Hakuna mvua.

8 Novemba

Leo nilibaki chumbani saa za wanawake, nikisoma gazeti lililokuja na mbegu za alizeti. Ndivyo nilivyojifunza kusoma, kwa vipande vya magazeti ya kufungia vitu, na mpaka leo habari iliyokamilika hunipa wasiwasi.

Nje walikuwa Hajja na Yamna. Yamna ni mpangaji wa chini, mjane, mshona kaftani za harusi, mdomo mpana, sauti yake inafika bandarini.

"Huyo wako wa juu hakohoi," akasema.

"Mwache. Labda hana kifua."

"Mwanamume asiyekohoa, Hajja, utajuaje alipo? Paka tu ndiye anatembea hivyo, na paka tunajua anachotafuta."

Nikakohoa.

"Umesikia?" akasema Yamna. "Na anasikiliza pia."

12 Novemba

Nimefua. Soksi moja ya kijivu haikurudi kutoka kambani. Upepo ulikuwa mkali. Namshuku shakwe.

13 Novemba

Hakuna mvua. Soksi iliyobaki nimeitundika tena kambani, kwamba huenda mwenzake ataiona akarudi. Ndoo iko katikati ya chumba, chini ya ufa alionionyesha Hajja. Mara mbili nimeikwaa.

21 Novemba

Mambo mazito. Saa za wanawake, mimi ndani, wao nje wakichambua dengu.

"Amekuja mwalimu," Hajja akasema. "Wa hisabati, kutoka Kasablanka. Yeye na mkewe. Wanataka kuhama kelele."

"Watu wazuri?"

"Mke alinishika mkono akaubusu kabla sijamkataza."

"Basi wazuri. Na wameulizia chumba?"

"Wamekuja kutazama nyumba."

Gazeti likanidondoka. Mwalimu. Mwenye mke. Mke mwenye midomo inayojua kazi yake. Nilikagua tiketi miaka thelathini na moja, na najua abiria anavyokaa akijua kiti si chake: makalio nusu. Leo nimekaa hivyo kitandani kwangu mwenyewe mpaka magharibi.

22 Novemba

Nimeanza kampeni. Hajja ana goti bovu na tanuri la mtaa, linalooka mikate ya kila nyumba, liko karibu na lango la bahari. Asubuhi nimeomba niwe nabeba ubao wake wa mkate, kwenda na kurudi.

"Utaujua mkate wangu kati ya mikate ya mtaa mzima?"

"Una alama gani?"

"Matundu mawili ya uma na dole gumba katikati."

"Hajja, mimi nimetambua tiketi bandia gizani, basi likitembea."

"Mkate wa watu si tiketi," akasema. Lakini ubao akanipa.

30 Novemba

Hakuna mvua.

6 Desemba

Juma lililopita binti yangu Wafaa alipiga simu. "Baba, rudi. Baridi imeanza na hicho chumba ni cha njiwa."

"Njiwa hawajalalamika."

"Watoto wanakuulizia."

"Walete Jumapili, nitawaonyesha mizinga ya vita ya kale ukutani. Hapo kwenu mnaonyesha nini?"

Wamekuja kwa treni, wamekula dagaa wa kuchoma, wamepanda mizinga yote, wamerudi. Wafaa alisimama dirishani kwangu kitambo kirefu, kisha akasema ndoo inazuia njia.

11 Desemba

Yamna amevumbua namna ya kuongea nami bila kuongea nami. Haelekezi maneno kwangu, maana haifai, mwanamke paani na mwanamume chumbani. Anauelekezea mlango.

"Ewe mlango," akasema leo, "hivi huko Kasablanka ni kweli bibi harusi anakodi kaftani siku moja na kuirudisha?"

Nikafikiri. "Mlango umesikia hivyo," nikajibu. "Mlango umeona hata bwana harusi wa kukodi."

Nikamsikia akicheka, kisha akamwita Hajja aje asikie mlango unavyoongea. Hajja akasema milango ya nyumba yake imekuwa na adabu miaka arobaini, asiiharibu.

Nilikuwa nimemwandika Yamna huyu, ukurasa wa pili, "mdomo mpana". Sijafuta. Nimeongeza: "na masikio".

12 Desemba

"Ewe mlango, hii soksi mjane kambani itamaliza lini eda yake?"

Mlango uliendelea kusoma gazeti.

19 Desemba

Sasa watu wote wanazungumzia ukame. Wakulima wa Dukala wanaleta kondoo sokoni kabla ya wakati. Mwokaji mkate anasema unga utapanda. Mimi nabeba ubao kichwani na kuitikia "Mungu atatuangalia", na moyoni nina hesabu yangu ya aibu: mvua zikianza, zitaisha, na zikiisha, tutaongea.

Hajja alinikuta ngazini. "Si Maati, Desemba inakwisha."

"Inakwisha, Hajja."

"Na mvua hakuna."

"Hakuna. Na ambazo hazijaanza haziwezi kuisha."

Akanitazama kama mama anayetazama mtoto aliyejifunza neno baya. "Ulikuwa mkaguzi au wakili?"

"Nilisikiliza mawakili wengi, Hajja. Kila asiye na tiketi ni wakili."

Akashuka zake, mkono ukutani. Sikuona kama anacheka, maana alinipa mgongo, lakini mabega yalikuwa na jambo.

2 Januari

Mwaka mpya, ule wa benki, umeanza jana. Hakuna mvua. Nimekula supu ya maharage makavu kwa mafuta ya zeituni na bizari, bakuli mbili, nikiangalia bahari. Sina la kuongeza na sikutaka kuongezewa.

9 Januari

"Yule mwalimu vipi?" Yamna amemuuliza Hajja leo, kwa sauti ya kusikika na mlango, ukuta, na Kasablanka.

"Mambo ya mwalimu yatajulikana mvua zikiisha," Hajja akasema.

Usiku huu supu haikushuka vizuri.

17 Januari

Sala ya kuomba mvua. Mji mzima umetoka kwenda uwanjani, watoto wa madrasa mbele, wazee nyuma, majoho tumeyageuza ndani nje kama inavyopasa. Imamu alilia. Karibu yangu alikuwa mkulima, mikono kama mizizi, na yeye hakulia, alikuwa akitazama ardhi tu.

Nilikuja nikiwa nimepanga kuitikia amina kwa sauti ndogo. Nikaitazama ile mikono. Nikaitikia amina ya kwanza kama mtu anayemlipia mwingine nauli, kwa kinyongo. Ya pili ikatoka yenyewe. Ya tatu mkulima aligeuka kuniangalia.

Basi, inyeshe. Nitapata pa kulala. Binti yangu ana godoro.

18 Januari

Jua.

3 Februari

Jua. Nimempelekea Yamna vifungo vya hariri kutoka Kasablanka, alivyokuwa ameniagiza kwa njia ya mlango. Niliviacha juu ya ngazi. Nilipofungua mlango baada ya magharibi nikakuta sahani ya vitumbua vya asali imefunikwa kitambaa. Sahani nimeiosha nikairudisha ngazini na machungwa mawili. Sasa sahani hiyo inapanda na kushuka kuliko sisi sote.

24 Februari

Mawingu upande wa bandari. Hajja ameniambia niyatazame vizuri, yasije yakanipita bila kukaguliwa.

26 Februari

Imenyesha. Usiku kucha na asubuhi. Watu wamesimama barabarani bila kofia, wakilowa kwa makusudi. Mwokaji amempa kila mtu mkate mmoja wa ziada. Mimi nimeketi kitandani na taa, nikiutazama ule ufa juu ya ndoo.

Hata tone.

27 Februari

Inanyesha. Ndoo tupu. Nimeisogeza huenda nimekosea ufa.

28 Februari

Haya yataandikwa kwa urefu, na nafasi ya Utetezi haitatosha.

Mchana mvua ilikatika. Jua likatoka likiwa limeoshwa, na Yamna, aliyekuwa na nguo za siku tatu, akapanda kuanika. Alasiri ikaadhiniwa. Nikafunga mlango wangu kama kawaida, nikavua viatu, nikachukua gazeti.

Robo saa baadaye mbingu ikafunguka. Haikuwa mvua ya kuhesabu matone. Ilikuwa kama mtu amepindua bahari. Nikamsikia Yamna akipanda ngazi mbio, Hajja nyuma yake na goti lake, kisha kamba zikivutwa, vibanio vikiruka.

"Acha mashuka, chukua kaftani!"

"Nimeshika kaftani, Hajja, shika mashuka wewe!"

"Mbona maji hayaendi? Mbona yanajaa?"

"Mlizamu umeziba! Hajja, tundu limeziba, sioni hata lilipo."

Paa letu lina ukuta wa kiuno pande zote na tundu moja pembeni la kutolea maji. Tundu hilo likiziba, paa ni birika. Nilishaona maji yakiingia chini ya mlango wangu, membamba kwanza, kisha kama yaliyoalikwa. Nikapanda kitandani.

"Mwite Si Maati," Hajja akasema.

"Nikiwa hivi? Kichwa wazi, na gauni limenigandia? Nitamwitaje?"

"Basi shuka uvae kitambaa."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mzee."

"Wewe una kitambaa kichwani, Hajja, lakini umevua suruali ya kuvaa ndani ya joho, umeifunga kiunoni. Unataka akuone hivyo?"

Mvua ikazidi.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Ningeweza kupaza sauti: jifunikeni, natoka. Lakini saa ilikuwa ya wanawake, na nilikuwa nimelinda saa hiyo siku mia moja na kumi na sita bila kosa. Nikajiambia kwamba hapa ndipo ninapojaribiwa. Mwalimu wa hisabati angetoka. Mimi sitatoka. Watasema: Si Maati, hata gharika haikumtoa nje kabla ya wakati.

Nikawasikia wakishuka. Au nikamsikia mmoja akishuka. Kwa mvua ile huwezi kuhesabu miguu. Je, kama Yamna alikuwa bado nje? Nikakohoa. Hakuna aliyejibu. Nikakohoa tena, kikohozi kirefu cha heshima. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro, upande wa miguuni. Nikasimama katikati ya kitanda, mgongo wima, nikimngojea mwadhini.

Kumbe huko chini Yamna amevaa kitambaa, amekaa ngazini akingoja nitoke mimi, maana hawezi kurudi kunigongea mlango, mwanamke peke yake paani na mwanamume. Na Hajja anatafuta fimbo ya kuzibulia. Hivyo nyumba nzima ikangoja, kila mtu kwa adabu yake.

Allahu akbar, akasema mwadhini, nami nikatoka, maji mpaka magotini. Nikatambaa pembeni, nikaingiza mkono kwenye tundu mpaka begani, nikashika kitu laini, nikavuta. Maji yakaguna, yakazunguka, yakaanza kwenda. Na wakati huohuo, chini ya miguu yangu, nikasikia mshindo kama wa gunia la unga linalotupwa kutoka kwenye lori.

Lilikuwa dari la sebule ya wageni ya Hajja.

Sebule hiyo ina magodoro ya mapambo yaliyofunikwa shuka jeupe tangu alipohiji, yakimngojea mgeni anayestahili. Kipande cha dari, ukubwa wa mbao mbili za mkate, kilikuwa kimeketi katikati yake. Maji yanadondoka. Nikashuka na ndoo ya bluu, na hapo ndipo ndoo ilipofanya kazi yake ya kwanza duniani. Tulichota mpaka isha, mimi, Yamna na Hajja.

Mara tulipopumua Hajja akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani unafanya nini?"

"Ilikuwa baada ya alasiri, Hajja."

"Maji yamefika magotini nawe unasubiri adhana."

Yamna akasema, "Nami sikumwita, Hajja. Tugawane."

Hajja akalitazama dari lake. "Miaka arobaini," akasema taratibu. "Limestahimili mizinga ya sherehe, limestahimili wajukuu. Limekuja kuuawa na adabu ya watu wawili."

Kisha akanigeukia. "Na kilichoziba ni nini?"

"Takataka," nikasema.

Nililisema neno hilo kwa sauti ileile niliyoisikia miaka thelathini na moja: tiketi nilikuwa nayo, imepeperuka dirishani. Mfukoni mwangu, ikidondosha maji mpaka kwenye kisigino, ilikuwa soksi ya kijivu.

1 Machi

Inanyesha. Nimetoa soksi ya pili kambani alfajiri, kabla ya mtu kuamka.

2 Machi

Inanyesha. Nimeifunga ile iliyotoka tunduni katika gazeti, nikaiweka kwenye mfuko wa taka, nikaufunga mafundo matatu, nikaushusha mlangoni. Nimefunga kesi.

5 Machi

Fundi chokaa amekuja, mtu mrefu anayenong'ona. Nimejitolea kuwa msaidizi wake. Napandisha mchanga kwa ndoo, nateremsha vifusi kwa ndoo, nikiita "Njia! Njia!" mpaka koo limekauka. Yamna anasema nyumba imekuwa stesheni.

8 Machi

Mgongo.

10 Machi

Hajja hanisemeshi zaidi ya lazima. Anasema "shika", "weka", "kunywa chai". Jana alikaa kwenye kiti kidogo akinitazama nikisugua plasta, muda mrefu, kama mtu anayesoma. Nikafikiri, sasa atasema. Akasema: "Kona umeiacha."

14 Machi

Inanyesha. Chumba changu bado hakijavuja hata tone. Ndoo ikiwa kazini chini, sikuwa na cha kukinga, na hakikuwapo cha kukingwa.

"Ewe mlango," Yamna akasema leo, sauti chini kidogo kuliko desturi yake. "Mvua zikiisha utahuzunika?"

"Mlango haujui kazi nyingine," nikasema.

Kisha nikasikia sahani ikiwekwa sakafuni.

21 Machi

Manyunyu. Mashamba njiani kwenda Kasablanka yamekuwa kijani mpaka mtu anaona haya kuyatazama. Niliyaona dirishani mwa treni, nikimpelekea Wafaa nguo zangu za baridi, kusudi siku ya kuhama mzigo uwe mwepesi. Hakuuliza. Alinipa chai. Godoro bado lipo pale kati ya televisheni na watu. Mjukuu mdogo amelichora kwa kalamu, amechora mzinga.

27 Machi

Hakuna mvua.

29 Machi

Hakuna mvua. Anga safi kama sahani.

30 Machi

Leo nimebeba ubao wa mkate kwenda tanurini kama mtu anayebeba wosia. Mwokaji akachanganya, akanipa mikate ya jirani. Sikuangalia. Nimefika nayo nyumbani. Hajja akaugeuza mmoja, akaona hauna dole gumba.

"Gizani, basi likitembea," akasema.

Nikarudi tanurini.

2 Aprili

Baada ya alasiri, Hajja ameniita niteremke. "Njia!" nikaita, peke yangu, na hakukuwa na wa kumpisha, maana wote wawili walikuwa sebuleni wananingoja.

Sebule ya wageni. Dari jipya, jeupe, kona zimesuguliwa. Magodoro yamefuliwa na shuka limeondolewa. Hajja akanionyesha nafasi ya katikati. "Kaa."

Nikakaa, makalio nusu.

"Kaa vizuri, Si Maati. Wewe ndiye mtu wa kwanza kukalia hapo tangu nimerudi Makka, usiniaibishe."

Yamna akamimina chai kutoka juu, bila kumwaga tone. Kando ya bilauri kulikuwa na sahani yetu ile, imefunikwa kitambaa. Hajja akaisukuma kwangu. Nikafunua nikitarajia vitumbua.

Soksi moja ya kijivu. Imefuliwa, imepigwa pasi, na tundu la kisigino limeshonwa kwa uzi wa hariri wa kaftani ya harusi.

Nikaitazama sana, maana kuinua macho ilikuwa kazi.

"Mimi taka za wapangaji huzifungua," Hajja akasema. "Si umbeya. Natazama kama kuna aliyetupa mkate. Mtu anayetupa mkate hakai nyumbani kwangu hata kama ni kadhi."

"Mafundo matatu," Yamna akasema. "Tulitumia mkasi."

"Tulipoona ni gazeti tukasema, amefunga mkate ili nisiuone. Nikaogopa, wallahi. Nikasema, mtu mzima huyu, mwenye kubeba ubao wangu, kumbe anatupa neema ya Mungu. Tukafungua." Akanywa chai. "Nikamshukuru Mungu kwamba ni soksi."

"Na ile mjane ilikuwa imetoweka kambani siku moja kabla," Yamna akasema. "Ewe mlango, ulidhani hatujui kuhesabu mpaka mbili?"

Niliisema kweli yote basi, tangu upepo wa Novemba mpaka mfukoni. Nikasema nilidanganya, na kwamba kwa kazi yangu nilijua nadanganya vibaya. Nikasema nguo zangu za baridi ziko Kasablanka tayari, hizi zilizobaki zinaingia kwenye mfuko mmoja, naweza kuondoka Ijumaa.

Hajja aliniacha nimalize. Alipanga bilauri yake, akapangusa makombo yasiyokuwapo.

"Kaa," akasema.

"Hapa?"

"Juu. Msimu wa kiangazi, na wa mvua, na ufuatao. Ila nguo zako utaanika kwa vibanio viwili viwili."

Yamna akageukia dirishani, akawa na shughuli ya ghafla na pazia.

Ningeweza kunyamaza hapo. Mtu mwenye busara angekunywa chai yake. Lakini nilitaka kusikia sababu ikitajwa. Ubao wa mkate siku mia na thelathini. Mchanga ngazini. Saa ya wanawake, iliyolindwa mpaka magotini. Nilitaka kujua ni lipi kati ya hayo lililompiku yule mwalimu wa hisabati na mke wake mwenye kubusu mikono.

"Na mwalimu, Hajja?"

"Mwalimu gani?"

"Wa Kasablanka. Aliyeulizia chumba."

"Ah, yule. Alipanda mpaka hapa kwangu, akaomba maji, akauliza zimebaki ngazi ngapi. Akashuka. Tangu Novemba sijamwona."

"Basi," nikasema, "ni kwa sababu gani umeniacha nikae?"

Hajja akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, nilimwona.

"Hakuna mwingine aliyekiulizia," akasema.